Lenzi Moja ya Kazi Zote

Munyao alianguka kinyumenyume kwenye kunde za wenyewe, mbele ya padri, jeneza na ukoo mzima wa Musyoka, kamera ameiinua juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na mtoto.

Kunde hazikuwa na kosa. Familia ya marehemu ilikuwa imejipanga kando ya kaburi, wajukuu mbele, wakwe pembeni, na Munyao alikuwa amebeba lenzi ndefu, ile ya kuivuta sura ya mtu kutoka mbali. Lenzi ya namna hiyo ukiielekeza kwa watu wengi huona nusu yao tu. Basi akarudi nyuma kidogo, akatazama. Akiwapata wajukuu, wakwe hawamo. Akiwapata wakwe, mashangazi wamekatwa vichwa. Akarudi tena. Kathiani ni nchi ya vilima, na mashamba yake yamechimbwa matuta kama ngazi. Alirudi nyuma mpaka ngazi ikamwishia.

Watu walicheka. Msibani, padri akiwa bado na maji ya baraka mkononi, walicheka. Hata mjane aliziba mdomo kwa leso. Munyao akapanda tuta, akajipangusa udongo, akasema, "Haya, tuendelee," akaupiga ukoo vipande vipande kama nyama ya kugawa. Picha ya watu wote pamoja haikupatikana.

Enzi za Ndila jambo hilo lisingetokea. Ndila ni mkewe, na miaka yote walifanya kazi wawili. Munyao alishika lenzi ndefu, Ndila akashika pana, ile inayomeza boma zima na miti yake. Munyao alisimama mbali akachagua chozi, pete, mkono wa mzee juu ya fimbo. Ndila aliingia katikati ya watu, akawashika mabega na kuwasukuma, huku akipaza sauti, "Bananeni kama mahindi kwenye gunzi! Nisione upepo unapita hapo!" Kazini hawakuzungumza. Munyao aliinua kidevu tu, na Ndila akajua ni wapi pa kwenda. Watu wa Machakos hawakusema wameita mpiga picha. Walisema wamewaita Munyao na Ndila, kama mtu anavyotaja mahindi na maharagwe yanayopikwa pamoja kuwa isyo. Ukiwatenganisha, hiyo si isyo tena.

Kisha binti yao Mwelu, ambaye ni muuguzi kule Kitale, akajifungua, na Ndila akaenda kumlelea mtoto. "Akianza kutembea nitarudi," alisema. Mtoto akatembea. Ikawa mpaka aachishwe ziwa. Akaachishwa. Ikawa mpaka azoee shule. Sasa alikuwa ameizoea shule mpaka ameanza kuikimbia.

Hawakuwa wamegombana, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Wangegombana, wazee wangekaa kitako wakasuluhisha. Angekufa, Munyao angepewa pole na watu wangekuja kukaa naye jioni. Lakini mume ambaye mkewe ameenda kulea mjukuu haonewi huruma na mtu. Watu humwambia, "Msalimie," kisha wanashika njia zao.

Kamera ya Ndila ilibaki kabatini, imefungwa ndani ya leso na kutiwa kwenye begi lake. Kila Ijumaa Munyao alichomoa betri kutoka mfuko wa pembeni wa begi hilo, akaichaji pamoja na yake, kama walivyofanya miaka yote kabla ya kazi za Jumamosi, kisha akairudisha mfukoni. Leso hakuifungua. Wengi walimshauri abebe kamera zote mbili mwenyewe. Aliwajibu kwamba shingo yake ni moja. Ukweli ni kwamba akiibeba kamera ya Ndila, nafasi ya Ndila itakuwa imejaa.

Musyoka wa Kathiani, ndugu yake marehemu, akapiga simu.

"Munyao, wewe ni rafiki yangu, kwa hivyo nitakuambia vibaya."

"Sema."

"Jumamosi ni ntheo ya binti yangu Nthenya. Wakwe wanatoka Konza na mbuzi wa mahari. Sasa mama yangu amekataa kula tangu juzi. Anasema mazishini alitaka picha moja tu, watoto wake wote na wajukuu, yeye katikati, na wewe ukampa mapaja na viwiko. Anataka hiyo picha kabla hajamfuata kakangu. Unanisikia?"

"Ninakusikia."

"Kuna kijana wa Tala ako na ile ndege ya kupiga picha kutoka juu. Nimemwambia angoje. Ukija na mama Mwelu, karibu. Ukija peke yako na hiyo darubini, namwita kijana, na usinipigie tena. Hata harusi nitampa yeye."

"Kunde zako zilipona?"

"Kunde tulikula. Jibu swali."

"Nitakuja na lenzi nyingine."

"Lenzi haipangi watu, Munyao," alisema Musyoka, akakata simu.

Peris aliuza na kutengeneza kamera za mitumba katika chumba kidogo ghorofani, kati ya fundi cherehani na saluni, dirisha likitazama soko. Alikuwa msichana mwenye mikono mikavu na mdomo usiokauka.

"Niaje, Baba Mwelu. Unataka nini?"

"Lenzi moja. Ifanye yote."

"Unapiga nini?"

"Kila kitu."

"Kila mtu husema kila kitu. Wiki iliyopita ulipiga nini?"

Munyao akafikiri. "Mazishi. Ubatizo. Na ng'ombe wa mtu anayetaka kumuuza."

"Sasa hapo tunaongea."

Kwenye kabati la kioo kulikuwa na lenzi nene yenye pete nyekundu. Munyao alishawahi kuwaona wapiga picha wa Nairobi wakiitembeza kwenye harusi za Lukenya, na alikuwa akiitamani kimoyomoyo kama mwanaume anavyotamani kofia ya mwenziwe. Akainyooshea kidole.

"Wacha hiyo," Peris akasema. "Hiyo imetengenezewa kamera kubwa. Ukiiweka kwa yako itakuwa nyembamba tangu mwanzo, boma haliingii. Utarudi kwa kunde."

"Nani alikuambia mambo ya kunde?"

"Baba Mwelu, Machakos yote inajua kunde."

Akamwekea mezani nyingine, fupi, nene. "Hii inaona gizani kama paka. Kanisani hutaki flashi. Lakini haivuti. Ukitaka sura ya bibi harusi utamfuata mpaka altareni."

"Padri atanitoa."

"Basi hii." Akaweka nyingine, ndogo ikiwa imejikunja, lakini ukiizungusha inarefuka kama shingo ya kobe. "Inaanza pana na inafika mbali kuliko hiyo yako. Watu wanaipenda sana."

Munyao akaifunga kwenye kamera yake, akasogea dirishani. Akaivuta mpaka mwisho, akalenga kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara. Herufi za katikati zilisomeka. Za pembeni zilikuwa zinayeyuka kama mafuta juani, na picha nzima imeingia giza.

"Imekuwaje?"

"Ni kama mtu anayeimba sauti zote za kwaya peke yake," Peris akasema. "Anaimba, ndiyo. Lakini usimsikilize sana. Jaribu hii ya tatu. Hii haina sifa. Inaanzia milimita kumi na nane, inaishia mia na thelathini na tano. Boma linaingia. Chozi unalipata, ukisogea kidogo. Na ukiwa unatetemeka, inatulia yenyewe."

Munyao akatazama. Upande wa upana aliona soko lote: miavuli, mafungu ya nyanya, pikipiki, paa za mabati mpaka kilima. Akazungusha mkono. Soko likaondoka, akabaki mwanamke mmoja akifunga dania kwa ukambaa, akiukata uzi kwa meno. Akazungusha tena, soko likarudi. Mkono mmoja, mzunguko mmoja, na kazi ya watu wawili imekwisha.

Hakufurahi.

"Mbona uso umekunja kama umenusa maziwa yamechacha?" Peris akauliza. "Iko na shida?"

"Haina shida."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Basi shida ni pesa. Usijali. Mama ako na kamera na ile lenzi pana, si ndiyo? Lete hizo, uongeze kidogo, ubebe hii. Ama bado anatumia?"

Munyao akairudisha lenzi mezani, akaifunika kifuniko chake, akakigusa mara mbili kuhakikisha kimekaa.

"Bado anatumia," akasema, akashuka ngazi.

Njiani aliamua. Hatauza kitu. Jumamosi atabeba kamera zote mbili, watu wakitaka wacheke, shingo ni yake. Kamera ya Ndila itakuwa ubavuni mwake, na mtu akimuuliza, atasema amembebea mwenye nayo. Wazo hilo lilimpa nguvu hata akanunua nyama.

Alipofika nyumbani alitoa begi kabatini, akaweka kamera kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu Ndila aondoke akafungua leso.

Mkanda haukuwepo.

Mkanda huo Ndila aliusuka mwenyewe kwa uzi wa katani wa rangi mbili, kama anavyosuka mikanda ya viondo, kwa sababu ule wa dukani ulimchuna shingo. Munyao akazitazama pete mbili za chuma pembeni mwa kamera. Uzi haukukatika na haukukatwa. Ulifunguliwa fundo kwa fundo, na mtu asiye na haraka. Akaingiza betri, akawasha. Kadi ilikuwa tupu. Akageuza lenzi kwenye mwanga. Kioo kilikuwa kimepanguswa mpaka kwenye kingo, pale ambapo vumbi la Ukambani hujificha.

Munyao alikaa kitandani. Hivyo ndivyo mtu anavyorudisha kitu cha kuazima.

Hakuwa mtu wa kupiga simu. Ndila alipopokea, nyuma yake mtoto alikuwa akipiga kelele kwamba hataki viatu.

"Munyao. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mkanda wa kamera yako uko wapi?"

"Mkanda?" Ndila akacheka. "Asi, si uko hapa! Huyu anabebea chupa ya maji akienda shule. Kwani unautaka?"

"Hapana."

"Nikutumie?"

"Nimesema hapana. Nataka kuuza kamera. Peris anipe lenzi moja ya kufanya yote."

"Uza," Ndila akasema. "Mimi nilidhani uliuza kitambo."

Mtoto alikuwa amenyamaza. Labda viatu vilikuwa vimemshinda, au yeye amevishinda.

"Nimekuwa nikiichaji," Munyao akasema.

"Nini?"

"Betri. Kila Ijumaa."

Sauti ya Ndila ikashuka. "Munyao. Wewe hujawahi kuniuliza hata siku moja nitarudi lini."

"Ulisema akianza kutembea."

"Anakimbia."

"Najua anakimbia. Si namsikia."

"Mimi nimechoka kusukuma mabega ya watu. Magoti yamekataa. Huku nikiamka sina harusi ya mtu. Jirani wananiita Ndila, Ndila tu, hakuna mtu anauliza yule mwingine ako wapi." Akavuta pumzi. "Wewe njoo huku. Njoo hata Krismasi."

"Krismasi kuna harusi mbili."

"Najua," Ndila akasema. "Ndiyo maana nilikuja peke yangu."

Munyao akaizima kamera.

"Uza," Ndila akarudia, kwa upole, kama anayemtoa mtu mlangoni. "Lakini sikiza. Lenzi pana si kama yako. Inaona hata kitu hutaki ionekane. Usipige jua likiwa mgongoni, litakuingiza kwa picha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Kula chakula."

Asubuhi alimpelekea Peris begi. Peris alifungua leso, akatazama kioo, akapiga mluzi. "Hii mama alitunza! Na mkanda?"

"Hakuna mkanda."

"Na leso?"

Munyao akaichukua leso, akaikunja mraba, akaitia ndani ya koti. "Leso si ya kamera."

Ijumaa alichomeka chaja zote mbili ukutani, kisha akasimama katikati ya chumba na betri moja mkononi. Chaja ya pili aliiacha hapo hapo, taa yake ya kijani ikiwaka bure.

Jumamosi wageni wa Konza walifika Kathiani wakiimba, wakasimamishwa langoni kama ilivyo ada, wakaimbishwa mpaka wakakaukiwa, ndipo mbuzi wa ntheo wakaingia wakivutwa kwa masikio. Bila mbuzi hao Nthenya angeishi na mume miaka yote na asihesabiwe mke. Munyao alilizungusha boma zima kwenye kioo, akalivuta, akaupata mkono wa Nthenya ukishika pembe ya mbuzi wa kwanza, akalirudisha boma. Lenzi mpya haikumkosea hata mara moja. Musyoka alipita akimtazama kwa pembe ya jicho, simu mkononi, kama mtu aliyeshika fimbo ambayo bado hajaamua kuitumia.

Alasiri ikafika zamu ya picha ya ukoo. Susu Kamanthe, bibi wa wajukuu wote na mama yake Musyoka, alitolewa pamoja na kiti chake na kuwekwa mbele ya mlango wa nyumba. Hapo aliolewa, hapo alizalia, na hapo hatang'oka. Munyao akatazama alipo. Nyuma yake tuta, na chini ya tuta lile shamba la kunde. Nyuma ya shamba, jua limeinama. Hakuwa na pengine pa kusimama.

"Sogeeni," akasema.

Hakuna aliyesogea. Wakwe walikuwa wakizungumza, vijana wakitazama simu, mashangazi wakibishana nani akae karibu na susu.

"Sogeeni pamoja, tafadhali."

Musyoka akaanza kubonyeza simu yake.

Munyao akaishusha kamera kifuani. Akavuta hewa, na sauti iliyotoka ilimshtua mwenyewe. "Bananeni kama mahindi kwenye gunzi! Nisione upepo unapita hapo!"

Boma likacheka. Shangazi mmoja akaita, "Hayo ni maneno ya Ndila! Kwani ako wapi leo?"

"Yuko Kitale," Munyao akasema. "Ameamua kukaa."

Hakuwa amewahi kulisema. Lilitoka kavu, na kicheko kikafa. Watu wakamtazama, kisha wakatazama chini, kisha bila kuambiwa tena wakaanza kusogeleana, bega kwa bega, wajukuu wakikaa nyasini, wakwe wakiinama, mpaka upepo ukakosa pa kupita.

Akafungua lenzi mpaka mwisho wa upana wake. Wote walikuwemo. Nyumba ilikuwemo, na mti wa mwembe na mbuzi mmoja aliyekata kamba. Na kivuli chake kilikuwemo, kirefu, kimelala juu ya nyasi kuanzia chini ya kioo mpaka kwenye miguu ya susu. Akachuchumaa, kivuli kikafupika lakini hakikutoka. Akasogea kushoto, akawapoteza wakwe. Akarudi. Akapiga.

"Lete nione," susu Kamanthe akaamuru.

Akampelekea. Bibi kizee akaileta kamera karibu na pua, akawahesabu kwa midomo, mmoja mmoja, kwa majina, na hata waliokwisha kuzikwa akawataja palepale walipopaswa kusimama. Kisha akasimamisha kidole.

"Huyu mweusi amelala miguuni pangu ni nani?"

"Ni mimi, susu. Ni kivuli. Nitakikata nyumbani."

"Ukate uondoke na miguu yangu?"

"Kidogo tu."

"Mwache hapo," susu akasema, akamrudishia kamera. "Si amekuja."

Musyoka akatia simu mfukoni. "Harusi ni Agosti," akasema, akitazama mbuzi. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Na nani?"

Munyao akaigonga lenzi kwa ukucha. "Na hii."

Akaenda kukaa chini ya ghala, mahali ambapo miaka yote wapiga picha waliwekwa ili wale mbali na wageni. Kati ya boma na ghala kivuli kilimtangulia, viwiko viwili na kichwa kimoja. Msichana wa jikoni, ambaye mchana kutwa alikuwa motoni na hakusikia lolote, akamletea sinia ya wali na nyama, vijiko viwili juu yake, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile.

Munyao akala kwa kimoja. Alipomaliza akakichukua cha pili, kilichokuwa kisafi, akakipangusa kwa leso ya Ndila mpaka kwenye kingo, akakirudisha siniani.